Begi Zuri Bila Nauli: Maoni Yetu Kuhusu Zawadi za Safari

Novemba ikiingia, mafundi wa kuchapa na kudarizi nembo pale River Road, Nairobi, huwa hawalali. Kila mwenye biashara anataka zawadi za kufunga mwaka, na siku hizi wengi wanataka zawadi za safari: begi la mgongoni, chupa ya maji, mto wa shingo, mwavuli, pawabenki. Wazo lenyewe ni zuri. Disemba ni mwezi wa Wakenya kurudi nyumbani, na mtu akiwa barabarani ndipo anapojua kitu gani kinamfaa na kipi ni mzigo tu.

Shida iko kwenye swali linaloulizwa kwanza. Wengi huanza na "nembo yetu itakaa wapi?" Sisi tunaona swali la kwanza ni "huyu mtu anasafiri vipi, na safari yake inamgharimu nini?" Ukilijibu hilo, utanunua vitu vichache, pesa zako zitaenda mbali, na utakumbukwa. Usipolijibu, utampa mtu begi zuri ambalo hana nauli ya kulipeleka nyumbani.

Pengine unajiuliza kampuni ya malipo ya simu inatafuta nini kwenye habari za mabegi. Zawadi hizi hulipiwa kwa simu, deposti ya fundi hutumwa kwa simu, na matapeli wa Disemba hujificha humo humo. Tena kwa msafiri wa leo simu ndiyo pochi. Kwa hivyo tuna la kusema.

Anza na safari, si na katalogi

Tuchukue mfano wa duka la jumla lenye wafanyakazi 12 na wateja wakubwa 8. Kijana wa kupakia mizigo anapanda basi la usiku kwenda Busia. Karani anaenda Mombasa kwa treni ya SGR na watoto wawili. Dereva hasafiri kwenda popote, maana Disemba ndiyo kazi inazidi. Mteja mmoja huenda Guangzhou kununua bidhaa, mwingine huenda Dubai, na wa tatu hatoki Machakos ila siku ya kuja kuchukua mzigo.

Ukiwapa hawa wote kifurushi kimoja chenye mto wa shingo na adapta ya umeme, umewafaa wangapi? Mto utamsaidia yule wa Busia, anayekaa kwenye kiti usiku kucha. Dereva atauangalia na kushangaa. Karani mwenye watoto wawili angependa shuka la kuwafunika na begi lenye mifuko mingi. Na adapta kwa mtu wa Dubai ni mapambo, kwa sababu plagi za kule ni za miguu mitatu ya bapa kama zetu. Wa Guangzhou ndiye anaihitaji.

Huhitaji kufanya utafiti mkubwa. Waulize watu wako maswali matatu tu: Unaenda wapi? Unaenda na nini, basi, treni, ndege au boda? Ni kitu gani hukusumbua njiani? Majibu ya watu 20 unaweza kuyaandika kwenye karatasi moja wakati wa chai. Karatasi hiyo itakuokolea pesa kuliko punguzo lolote la bei ya jumla.

Kama huwezi kuuliza, angalau gawanya orodha mara mbili au tatu: wa basi la usiku, wa ndege, na wale wasiosafiri. Hao wa mwisho wape mwavuli au kitu cha nyumbani. Hakuna sheria inayosema lazima wote wapate kitu kimoja. Haki ni thamani ya zawadi kukaribiana, hata kama vitu vyenyewe ni tofauti.

Nauli kwanza, begi baadaye

Hapa ndipo tunapotofautiana na wauzaji wa zawadi. Wiki ya Krismasi nauli za mashambani hupanda, na kwenye njia nyingine hupanda hadi maradufu. Mfanyakazi wa mshahara mdogo mwenye mke na watoto anaweza kupiga hesabu akaona heri abaki. Sasa mtu kama huyo ukimpa kifurushi cha shilingi 3,000 chenye daftari, kalamu, kishikio cha funguo na kikombe, atakushukuru mbele ya wenzake, halafu ataenda kuuliza nani anaweza kumkopesha.

Tuseme una shilingi 60,000 za zawadi kwa watu hao 20. Njia ya kawaida ni kugawanya sawasawa, kila mtu kifurushi cha 3,000, na pesa zinaishia hapo. Njia tunayoipendekeza ni hii: wafanyakazi 12 kila mmoja atumiwe 2,000 za kusaidia nauli, na apewe begi moja imara la 1,500. Hiyo ni 42,000. Wateja 8 kila mmoja apate kitu kimoja kizuri cha 1,800, jumla 14,400. Umetumia 56,400 na umebakiwa na 3,600 za sampuli, ada za kutuma na za kupeleka mizigo. Bei tumezitaja kwa mfano tu, lakini hesabu yenyewe inafanya kazi kwa bajeti yoyote: punguza idadi ya vitu, ongeza ubora wa kile kimoja, na usaidie nauli.

Najua mtu atasema, "Hao ni watu wa kutuma pesa, lazima waseme tutume pesa." Hoja hiyo ina uzito wake, na tunaijibu hivi. Kama ingekuwa ni biashara yetu tu, tungesema tuma zote 3,500 na uachane na begi. Hatusemi hivyo. Pesa za Disemba huingia nyumbani na kuyeyuka kwenye unga, karo na michango, na Januari hakuna anayekumbuka zilikotoka. Begi zuri hubaki miaka. Mtu huhitaji vyote viwili: pesa za kumfikisha, na kitu cha kumkumbusha kwamba kazini kuna watu wanaomjali.

Mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, msaada wa nauli utume mapema, kabla watu hawajakata tiketi, na uutume peke yake, usiuchanganye na mshahara. Mtu akiona kiasi kimoja kikubwa, hatajua zawadi ni ipi na haki yake ni ipi. La pili, pesa taslimu unazompa mfanyakazi huhesabiwa kuwa sehemu ya mapato yake, kwa hivyo zungumza na mhasibu wako kuhusu PAYE kabla ya kutuma, si baada ya kutuma.

Na tuseme wazi: zawadi haizibi pengo la mshahara. Kama umechelewesha mshahara wa Novemba, usichape begi hata moja. Kutoa ni moyo, lakini kulipa ni deni.

Nembo kubwa inaweza kumponza mtu

Wenye biashara hupenda nembo ionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Tunaelewa, ni matangazo. Lakini fikiria mhudumu wa duka la kutuma na kutoa pesa, anashuka kwenye basi saa kumi alfajiri na begi lililoandikwa jina la huduma ya pesa kwa herufi kubwa mgongoni. Yeye amebeba nguo na zawadi ya mama. Mwizi anayemtazama pale steji anaona kitu kingine: anaona mtu aliyebeba pesa. Ni hivyo hivyo kwa wafanyakazi wa maduka ya simu, ya vito na ya mikopo.

Kwa hivyo ushauri wetu ni nembo ndogo, yenye urefu wa kidole gumba, kwenye kona, au kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya begi. Mwenye begi ataiona kila akilifungua. Mtu mzima hapendi kutembea kama ubao wa matangazo, na begi lenye nembo ndogo atalibeba hadi kanisani na harusini. Ukitafuta matangazo, hayo ndiyo matangazo.

Angalia pia rangi. Ukaribiapo uchaguzi, mwavuli wa rangi fulani unaweza kumtambulisha mtu kuwa shabiki wa chama ambacho hata hakijui. Nguo na mabegi ya mabaka kama sare za jeshi yaepuke kabisa; humu nchini yanaweza kumtia mtu mashakani na askari.

Kibandiko cha jina cha kufunga kwenye sanduku nacho ni zawadi nzuri ya bei nafuu, lakini chagua kile chenye kifuniko. Nambari ya simu ya mtu ndiyo nambari yake ya pesa. Haifai ininginie wazi pamoja na jina lake kamili kila mtu asome. Ndani aandike jina moja na nambari ya ofisi.

Vitu vinavyofaa, na vinavyosumbua

Pawabenki. Kwetu hii ndiyo zawadi ya safari nambari moja, kwa sababu simu ikizima Mtito Andei usiku, mtu hana chai, hana nauli ya boda ya mwisho, na hawezi kumjulisha mwenyeji wake. Lakini usinunue ile ya bei ya kutupa inayodai nguvu kubwa isiyo nayo. Kwa anayesafiri kwa ndege, pawabenki hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, haiingii kwenye sanduku la chini, na kikomo cha kawaida bila kibali cha shirika la ndege ni Wh 100. Kujua Wh, zidisha mAh kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000. Ya 10,000 mAh ni Wh 37, ya 20,000 ni Wh 74, zote salama. Ya 30,000 ni Wh 111, na hiyo inaweza kumletea mteja wako maneno uwanjani. Tena, tangu 28 Juni 2025 China hairuhusu pawabenki isiyo na alama ya 3C kwenye ndege za safari za ndani. Mteja anayetoka Guangzhou kuendelea na miji mingine kwa ndege atanyang'anywa zawadi yako, na nembo yako ikiwa juu yake. Hakikisha maandishi ya Wh na alama hizo hayafunikwi na uchapishaji.

Adapta. Mpe anayeenda China, Afrika Kusini au Ulaya bara. Anayeenda Dubai, Uganda au Uingereza haihitaji. Plagi yake ya nyumbani itaingia.

Chupa ya maji. Nunua ya chuma, na nembo ichongwe kwa leza ili isibanduke kwa kuoshwa. Zile chupa za plastiki za kutumia mara moja zenye karatasi ya jina la kampuni hazifai kwa safari hata kidogo. Tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga, misitu na fuo zilizo chini ya hifadhi hapa Kenya. Mteja unayemlipia matembezi ya Nairobi National Park ataachishwa chupa yako langoni.

Ufungaji. Usifunge zawadi kwa mfuko wa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata 1 Juni 2019. Anayevuka Namanga na zawadi yake asipate taabu kwa sababu ya karatasi ya nailoni. Mfuko wa kitambaa unatosha, na huo nao unatumika sokoni baadaye.

Vitu vya kwetu. Tunashangaa mtu kuagiza mto wa shingo kutoka nje ilhali kuna shuka la Kimaasai, leso na kikoi. Shuka hufunika mtoto kwenye basi, huwa mto likikunjwa, na huwa zulia mkifika. Kikoi humfaa wa Mombasa kuanzia siku ya kwanza. Kiondo cha mkonge au begi la ngozi kutoka soko la Kariokor ni zawadi ambayo mteja wa nje ataonyesha wenzake. Nembo unaweza kuiweka kwenye kipande kidogo cha ngozi kilichoshonwa pembeni. Na pesa zako zimebaki kwa fundi wa hapa.

Koti la riflekta. Kwa wafanyakazi wanaopanda au kuendesha boda, hili linashinda zawadi zote tulizotaja. Hapa nembo mgongoni inaweza kuwa kubwa kidogo, lakini isiziba mistari inayong'aa. Hiyo mistari ndiyo inayookoa maisha.

Mteja si mfanyakazi

Kwa wateja, usitume pesa. Pesa zikitumwa kwa mteja hazionekani kama zawadi, zinaonekana kama chai. Na mteja akiwa mtumishi wa umma, au afisa wa manunuzi wa kampuni kubwa, kuna sheria na kanuni zinazobana zawadi anazoweza kupokea. Muulize kwanza, au peleka zawadi ya ofisi nzima kwa barua iliyo wazi. Kamwe usipeleke zawadi wiki ambayo zabuni yako inaangaliwa.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata wewe mwenye duka dogo. Mteja alikupa nambari yake ya simu ili alipie bidhaa. Hakukupa ili umkabidhi fundi wa mabegi pamoja na majina ya wenzake na mahali wanapokaa. Mpe fundi kile anachohitaji kwa kazi yake tu. Kugawa zawadi ni kazi yako.

Kumlipa fundi bila kulia

Hapa ndipo malalamiko mengi ya Disemba huzaliwa. Mtu hutafuta bei nafuu mtandaoni, anatumiwa picha tamu za mabegi, analipa zote, halafu simu ya fundi inazimwa. Kabla hujatuma hata shilingi:

Omba sampuli moja iliyochapwa nembo yako halisi. Ilipie kama ni lazima. Vuta zipu mara 20, weka kilo kumi ndani, uioshe nembo kwa sabuni na maji ya moto. Nembo iliyobandikwa kwa joto hubanduka mapema ikiwa kazi ni mbovu, iliyodariziwa hudumu.

Uliza gharama yote. Je, bei ina VAT ya asilimia 16? Uchapishaji wa skrini huwa na gharama ya kila rangi, kwa hivyo nembo ya rangi moja hukuokolea pesa. Kudarizi hutegemea wingi wa nyuzi. Na idadi ya chini ya kuagiza ni ngapi? Usinunue mabegi 50 kwa sababu ya watu 20.

Lipa nambari ya biashara, yaani till au Paybill, si nambari ya mtu binafsi. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa tofauti na la duka lililo kwenye ankara, acha hapo hapo upige simu. "Hiyo ni ya mke wangu, till yetu ina shida leo" ni sentensi iliyowaliza wengi.

Gawanya malipo. Deposti isizidi nusu, na salio ulipe baada ya kuhesabu mabegi kwa mkono wako. Andika tarehe ya kuleta kwenye ujumbe, hata wa WhatsApp. Begi linaloletwa 27 Disemba si zawadi ya safari tena.

Dai ankara ya eTIMS. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara hiyo haikubaliwi na KRA unapopiga hesabu ya kodi. Fundi wa bei rahisi asiye na ankara anaweza kuwa ghali kuliko yule uliyemwacha. Hifadhi pia ujumbe wa malipo.

Na ukiona umetuma mahali pasipofaa, usingoje kesho. Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja kupitia nambari rasmi. Pesa zikishatolewa, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Watangazie watu wako mapema

Matapeli wanajua ni msimu wa zawadi. Watamtumia mfanyakazi wako ujumbe: "Umechaguliwa kupokea zawadi ya safari ya kampuni. Tuma 350 za usafirishaji." Mwingine atapiga akisema ni wa ofisi, anataka PIN ili "aingize nauli." Kama hujawaambia watu wako zawadi zinakuja vipi, atakayeamini si mjinga, amekosa tu habari.

Basi siku moja kabla, waambie kwa mdomo: begi mtalichukua ofisini siku fulani, nauli itaingia kutoka jina fulani, kiasi fulani, na hakuna atakayewaomba kutuma chochote. Hakuna zawadi ya kweli inayodai ada, na hakuna anayehitaji PIN yako ili akutumie pesa, awe bosi au awe sisi wenyewe.

Msimamo wetu ndio huo. Kabla ya kupigia fundi simu, chukua ile karatasi ya safari za watu wako. Jina la kila mtu liwe na njia anayopita na kitu kimoja kitakachomfaa njiani. Mahali ambapo jibu ni nauli, tuma nauli. Mahali ambapo jibu ni begi, nunua begi zuri, na nembo iwe ndogo.